Mwalimu anasema niache sura za watu, nibaki na minazi

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mkazi wa Tanga mjini, kazi yangu ni ukarani wa stoo. Tangu mwaka jana nahudhuria darasa la uchoraji kila Jumamosi. Tuko watu wazima wachache, wengine wanafunzi wa chuo, na yupo mama mmoja mstaafu. Tunafundishwa vitu viwili, mandhari na sura za watu, kwa rangi za akriliki.

Kwenye mandhari naambiwa niko vizuri. Picha yangu ya jahazi na minazi jua likizama imetundikwa ukutani darasani, na nyingine mbili zilinunuliwa na wageni. Shida ni sura. Nikimchora mtu, hafanani na mtu. Macho yanatoka makubwa, paji la uso linakuwa dogo, na ngozi, hata nichanganye vipi, inakuwa ama nyeusi tii ama imepauka kama ya mtu aliyeoga asipake mafuta.

Mwalimu wetu ni mtu mwema, lakini akiona nimekwama huichukua brashi mkononi mwangu akanimalizia. Picha inapendeza dakika ile. Nikifika nyumbani nikajaribu peke yangu, narudi palepale. Majuzi akaniambia kwa upole niachane na sura nibaki na mandhari, maana ndiyo yanayouzika na ndiko kipaji changu kiliko.

Ukweli ni kwamba sikuingia darasani kwa ajili ya minazi. Niliingia ili nimchore bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Lushoto tangu nikiwa mdogo. Yuko hai, amevuka miaka 80, na bado anakwenda shambani na mkongojo wake. Nilimchora kutokana na picha niliyompiga kwa simu siku ya Idi. Nilipowaonyesha ndugu zangu kwenye kikao cha familia walicheka mpaka machozi, binamu akauliza huyu ni mjomba gani. Tangu siku hiyo picha iko uvunguni mwa kitanda. Baba mdogo naye akaongeza kwamba kuchora kiumbe chenye roho hakufai katika dini yetu, kwa hiyo nishukuru imenishinda.

Mke wangu hanipingi, ila anauliza kama ada ya darasa na gharama za rangi zina mwisho. Je, nimsikilize mwalimu? Ninunue rangi za mafuta, pengine tatizo ni hizi za akriliki? Au nikubali kwamba sura si fungu langu?

Mjukuu wa Lushoto, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kicheko cha kikao.

Usiache sura. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo ulilouliza, kisha nikwambie jambo ambalo huenda lisikupendeze: nadhani picha zako za mandhari zina kasoro ileile iliyomo kwenye picha ya bibi, ila zenyewe zinaificha. Ukiupinda mnazi kushoto badala ya kulia, nani atakujia kudai kwamba siyo mnazi ule? Ukiongeza wingu, ukapunguza tanga la jahazi, ukaipaka bahari buluu wakati saa ile ilikuwa ya kijani, mtazamaji hana cha kulinganisha. Sura ya bibi ina mashahidi. Watoto wake, wajukuu na majirani wameitazama maisha yao yote, na jicho likipanda kidogo tu juu ya mahali pake wanajua, hata kama hawawezi kueleza wamejuaje. Ndugu zako waliona sawasawa, ingawa wangeweza kulisema kwa upole zaidi.

Kasoro yenyewe ni kuchora unachokijua badala ya unachokiona. Unajua jicho ni duara ndani ya umbo la lozi, basi mkono unachora lozi na duara. Unajua midomo ina rangi yake, basi unaizungushia mstari. Unajua jua likizama mbingu huwa ya machungwa, basi unapaka machungwa. Mkono umeshakariri mnazi, na kwenye mnazi kukariri kunatosha. Sura ya bibi yako haijakaririwa na mkono wa mtu yeyote, na ndiyo maana inakudai utazame. Ukijifunza kuitazama, mandhari yako nayo yatabadilika. Kwa hiyo ushauri wa mwalimu wako, ingawa ameutoa kwa nia njema, ungekubakiza ulipo.

Kubaki na mandhari si jambo la aibu, na nisingependa usome hivyo. Mchoraji wetu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 akasoma Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade kule London, alichora vijiji, migomba na watu wakiwa kazini. Watu wake ni wadogo na sura zao hazina mambo mengi, lakini kazi yake inaheshimika hadi leo. Yeye alitaka kuonyesha maisha ya kijiji. Wewe unamtaka mtu mmoja, na njia yake ni nyingine.

Tuanze na macho, kwa sababu umeniambia paji la uso linakuwa dogo. Karibu kila anayeanza hukosea hapo. Tunapomtazama mtu tunamtazama macho na mdomo, basi akili inavipa vitu hivyo nafasi kubwa na kuisahau sehemu ya juu ya kichwa. Chukua kioo na rula. Pima kutoka utosini hadi kidevuni, kisha uone macho yako yako wapi: yako katikati, nusu kwa nusu. Ukichora kichwa, weka alama ya utosi na ya kidevu kabla ya kitu kingine chochote, gawa katikati, na macho yakae hapo. Upana wa kichwa ukitazamwa mbele ni kama macho matano yaliyopangwa mstari mmoja, na nafasi kati ya jicho na jicho ni kama jicho moja. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Nadhani haya mmefundishwa.

Ambalo huenda hamkufundishwa ni kwamba vipimo hivi ni vya kijana, na bibi amevuka miaka 80. Meno yakipungua, umbali kati ya pua na kidevu unakuwa mfupi na midomo inaingia ndani. Masikio hurefuka kadiri umri unavyokwenda, ncha ya pua hushuka, na ngozi ya juu ya jicho huteremka ikafunika sehemu ya kope. Kwenye jicho lenyewe, wazee wengi wana duara la kijivu chenye ubuluu kuzunguka sehemu nyeusi. Ukimchora bibi kwa vipimo vya darasani utapata mtu mwingine, kijana asiyemfahamu yeyote, na hapo binamu ana haki ya kuuliza ni mjomba gani. Tumia vipimo kama pa kuanzia, kisha mpime yeye. Nyoosha mkono wote ukiwa umeshika penseli, fumba jicho moja, pima urefu wa pua yake kwa kidole gumba juu ya penseli, halafu ulinganishe na umbali kutoka pua hadi kidevu. Mkono ukikunjwa kiwiko, vipimo vyote vinaharibika.

Mikunjo ya uso nayo inahitaji neno. Usiichore kwa mistari. Kila mkunjo una upande unaopata mwanga na upande usioupata, na ukipaka upande wa kivuli tu, kwa rangi iliyozidi giza kidogo, mkunjo utajitokeza wenyewe. Chagua mitatu au minne iliyo mikubwa, mingine uiache. Watu wengi humchora mzee wakidhani uzee umo kwenye mistari, picha ikaisha mtu amechakazwa.

Sasa ngozi. Hapa ndipo nina hasira kidogo, kwa sababu masomo mengi ya uchoraji yanayotufikia yaliandaliwa kwa kuwafikiria watu weupe. Madukani ipo hata tyubu inayoitwa rangi ya ngozi, na ukiifungua ni waridi iliyopauka, ambayo haimfai bibi wala wewe wala mimi. Mwanafunzi akiachwa bila maelekezo hufanya kinachoonekana rahisi: huchukua kahawia, akaitia nyeusi apate kivuli na nyeupe apate mwanga. Nyeusi ya tyubu inaua kivuli, kinakuwa shimo. Nyeupe inaleta ule upaukaji ulionieleza.

Weka tyubu nyeusi pembeni kabisa kwa sasa. Utahitaji siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu wa tofali, na buluu ya ultramarini. Changanya hizo mbili na utapata giza zito kuliko unavyotarajia, lakini giza lenye uhai: ukizidisha siena linakuwa la joto, ukizidisha buluu linakuwa la baridi. Ongeza oka ya njano na nyekundu moja. Ukitaka kupandisha mwanga kwenye shavu, anza na oka na chembe ya nyekundu, na nyeupe iingie mwisho, kidogo sana, kwa ncha ya brashi. Sehemu zenye mng'ao, yaani paji la uso, mgongo wa pua na juu ya shavu, kwenye ngozi nyeusi hufanya kazi ya kurudisha mwanga unaozipiga. Bibi akikaa mlangoni na mwanga unatoka mbinguni, mng'ao ule una ubuluu. Akiwa amejifunga kanga nyekundu, chini ya kidevu chake pana wekundu uliorushwa na kanga. Ukiviona viwili hivyo ukavipaka, picha itaanza kupumua.

Na weupe wa macho si mweupe. Paka kijivu chenye njano kidogo, na upande wa juu uwe na giza zaidi kwa sababu ya kivuli cha kope. Nyeupe tupu ndiyo inayofanya macho ya picha zako yaonekane makubwa na yenye hofu.

Lakini kabla ya rangi yoyote, naomba ufanye jambo litakaloonekana ni kurudi nyuma. Chora sura nzima kwa rangi moja: siena na nyeupe basi, au mkaa kwenye karatasi ya manila. Mkaa wa jikoni unatosha ukichagua vijiti vyembamba vilivyoungua vizuri. Kunja macho nusu unapomtazama mtu, mpaka maelezo madogo yapotee na ubaki na maeneo matatu: lenye mwanga, la katikati, na la giza. Yapake hayo matatu tu. Matundu ya macho ni maeneo ya giza kwanza, jicho lenyewe linakuja mwisho kabisa. Ukisimama mbali na bado ukamtambua mtu, umefanikiwa kabla hujachora hata ukope mmoja.

Kufanana kumo kwenye mwanga na giza kuliko kwenye rangi, na mfano wake mkubwa uko Washington. Picha rasmi ya Michelle Obama iliyozinduliwa mwaka 2018, kazi ya mchoraji Amy Sherald, imechorwa ngozi yote kwa kijivu. Wapo walioipinga. Ila kijivu kile kimebeba umbo la uso, shingo na mikono bila msaada wa kahawia hata tone. Wewe ulikuwa unahangaika na kahawia ilhali tatizo limekaa chini yake.

Fikiria pia unavyomtambua bibi akiwa bado mbali njiani, kabla hujaona jicho wala pua. Unaona namna kichwa kinavyokaa juu ya shingo, bega lililoshuka upande wa mkongojo, ukubwa wa kilemba kulingana na uso. Hayo ndiyo ya kuyakamata kwanza kwenye karatasi, tena kwa dakika chache.

Picha ya simu ilikuponza kuliko unavyojua. Ukimpiga mtu picha ukiwa karibu, urefu wa mkono tu, lenzi huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Mwanga wa simu nao hufuta vivuli vyote, na bila vivuli uso hauna umbo. Simu nyingi tena hukisia vibaya ngozi nyeusi, ama zikaipausha ama zikageuza upande wa kivuli kuwa giza tupu lisilo na kitu ndani. Wewe ukanakili hayo yote kwa uaminifu. Kama lazima uwe na picha, rudi nyuma mita mbili au zaidi, zima mwanga wa simu, na umkalishe pembeni mwa mlango mwanga umpige upande mmoja.

Bora kuliko picha ni bibi mwenyewe, na yuko hai. Mwanangu, hili ndilo lililonifanya nichague barua yako. Unapambana na picha ya simu uvunguni mwa kitanda na mtu mwenyewe yuko safari ya basi tu kutoka Tanga, anakwenda shambani na mkongojo. Nenda ukamchore akiwa amekaa mbele yako.

Hapo linaingia suala la baba mdogo. Mimi si mwanazuoni na sitakutolea fatwa. Najua wanazuoni wamelizungumza jambo la kuchora viumbe kwa karne nyingi na hawakuafikiana katika kila kitu, kwa hiyo muulize shehe unayemwamini, kwa utulivu, si kwenye kikao chenye vicheko. Kisha muulize bibi. Ridhaa yake iko juu ya hamu yako na ya darasa zima. Wapo wazee wasiopenda kabisa sura yao iwekwe kwenye ubao, na wapo watakaokwambia subiri nibadilishe kanga.

Akikataa, mandhari yatakuwa na kazi ambayo picha zako za jua likizama hazijawahi kuwa nayo. Chora nyumba yake. Chora mlango anaotokea asubuhi, mafiga, njia ya kwenda shambani, mkongojo ulioegemezwa ukutani, na ule mgongo wa mlima anaouona kila siku. Uchore kwa uangalifu uleule ambao ungempa uso wake, ukitazama na kupima, na usiongeze mgomba usiokuwepo. Ndugu zako wataijua nyumba ile, na safari hii mandhari yako yatakuwa na mashahidi.

Akikubali, mtayarishie raha yake kwanza. Kiti chenye mgongo, si kigoda. Asubuhi, kabla hajachoka. Mkalishe ndani kidogo ya mlango, mwanga uje kutoka upande mmoja, na nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au kitu chenye rangi ya wastani. Usimweke mbele ya mbingu angavu, maana uso mweusi mbele ya mwanga mkali unageuka kivuli na hutaona chochote. Wewe kaa, usisimame, macho yako yawe usawa wa macho yake. Chora alama za chaki sakafuni kwenye miguu ya kiti ili akinyanyuka kunywa chai arudi palepale. Dakika ishirini zinatosha, kisha apumzike. Mwache azungumze. Uso wa mtu anayezungumza unahama, ni kweli, lakini unarudi mara kwa mara mahali pake pa kawaida, na hapo ndipo unapopatafuta. Siku ya kwanza usiguse rangi. Mchore kwa mkaa, karatasi nyingi, akichagua mchele, akikutazama, akisinzia. Milimani huko asubuhi mara nyingi kuna ukungu, mwanga ni laini na vivuli havina makali. Ni mwanga mzuri kwa uso wa mzee, na una kawaida moja ya kukumbuka: mwanga ukiwa wa baridi, vivuli huelekea kwenye joto. Upande wa kivuli wa shavu lake tia siena zaidi, si buluu.

Kabla hujapanda Lushoto, unahitaji mazoezi, na sura iliyo rahisi kuipata kuliko zote ni yako. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alijichora zaidi ya mara 35, nyingi akiwa Paris kati ya 1886 na 1888, na sababu kubwa ilikuwa kwamba hakuwa na pesa za kulipa watu wamkalie. Kioo hakidai malipo. Weka taa upande mmoja, chora kwa mkaa, kisha igeuze karatasi juu chini au uitazame picha kupitia kioo. Makosa yaliyokuwa yamejificha yataruka mbele yako, hasa jicho moja lililopanda kuliko jingine.

Kuhusu darasa, sikushauri uhame. Ila zungumza na mwalimu kabla kipindi hakijaanza, mkiwa wawili. Mwambie hivi: Mwalimu, naomba ukiona nimekosea usiguse picha yangu, nionyeshe pembeni kwenye karatasi nyingine, kisha nifute nirudie mwenyewe. Mwalimu anayekumalizia anakupa picha nzuri na kukunyima fundisho, na wengi hufanya hivyo kwa huruma tu, au kwa sababu mwanafunzi hupenda kurudi nyumbani na kitu cha kuonyesha. Muulize pia kama mnaweza kukaliana kwa zamu wenyewe kwa wenyewe, dakika ishirini kila mmoja, badala ya kunakili picha. Yule mama mstaafu darasani kwenu, akiridhia, ni zawadi kwako: uso wenye umri, mbele yako, kila Jumamosi.

Na mandhari usiyatupe. Yafanyie kazi mpya. Nenda Raskazone au pwani yoyote iliyo karibu nawe, asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Mchana jua likiwa utosini linabana vivuli chini ya vitu, na kila kitu kinaonekana bapa. Chora kwa maeneo matatu yaleyale, mwanga, kati na giza, kwenye karatasi ndogo. Tazama mikoko ya mbali uone kama kweli ni ya kijani. Hewa iliyopo katikati huisukuma kuelekea buluu na kuipunguzia giza. Ukisafiri kwenda kwa bibi, kaa dirishani. Toka kwenye mkonge wa Korogwe utaiona Usambara imejipanga matabaka, kila tabaka la nyuma limefifia kuliko la mbele, na ukiweza kupaka matabaka manne yanayotofautiana kwa ngazi ndogo kama hizo, mkono wako utakuwa tayari kwa shavu la binadamu, ambalo nalo linageuka kutoka mwanga hadi giza kwa ngazi ndogo. Mwingereza John Constable mwaka 1821 na 1822 alikuwa akitoka kwenda kuchora mawingu tu huko Hampstead, London, na nyuma ya picha akaandika tarehe, saa, na upepo ulikovumia. Fanya hivyo. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na kumbukumbu ya mwanga wa Tanga uliyoiona kwa macho yako, na utaona jinsi jua linavyozama upesi huku kwetu karibu na ikweta, kiasi kwamba rangi ya machungwa uliyozoea kuipaka ina dakika chache tu za kuishi.

Rangi za mafuta usinunue sasa. Zina raha yake, kwa kuwa hazikauki haraka unaweza kulainisha mpaka wa mwanga na kivuli kwa siku nzima. Lakini ni ghali, kwenye unyevu wa pwani zinachukua siku nyingi kukauka, tapentaini inahitaji chumba chenye hewa, na una watu nyumbani. Tena hazitakuhamishia jicho kwenye nafasi yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za kung'aa, vitu vya dukani vya kawaida, na kutoka hapo likazaliwa jina linalojulikana duniani. Shida ya akriliki kwenye joto letu ni kukauka upesi kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, uweke rangi hapo, na uwe na chupa ndogo ya kupulizia maji. Kumbuka pia akriliki ikikauka inazidi giza kidogo, kwa hiyo acha shavu liwe na mwanga zaidi kuliko unavyodhani linafaa. Siku ukipata rangi za mafuta unaweza kuzipaka juu ya akriliki iliyokauka, ila kamwe usipake akriliki juu ya mafuta.

Mke wako amekuuliza swali la haki na anastahili jibu lenye tarakimu. Rangi tano nilizokutajia, nyeupe ikiwemo, zinatosha kwa sura na kwa mandhari pia. Hadibodi ikatwe vipande na fundi seremala, ipakwe jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia, upande laini. Mkaa upo jikoni. Mwambie gharama kubwa inayofuata ni nauli ya Lushoto, tena mwende pamoja, maana bibi akiwa na mtu wa kuzungumza naye hatakumbuka kwamba anachorwa.

Ile picha iliyo uvunguni itoe, geuza ubao upande wa pili, upake jeso, na uende nao.